Msiba mmoja, rika nne: kila mtu nyumbani anahitaji nini

Swali la msomaji: "Baba yetu alifariki miezi minane iliyopita. Nina miaka 41 na sasa nyumba nzima inaniegemea mimi. Mdogo wangu alijifungua wiki tano zilizopita, yuko kwangu. Analia kila siku na husema mtoto wake angepata mama mwingine ingekuwa afadhali. Mwanangu wa miaka 15 hujifungia chumbani, ukimsemesha anafoka. Binti yangu wa miaka 6 hataki tena kulala peke yake. Mama, mwenye miaka 72, ameanza kusahau, anauliza jambo lilelile mara tatu. Kaka yetu yuko mbali, hutuma fedha. Nimewaambia wote wajikaze lakini hali inazidi. Nianzie wapi?"

Dada, pole sana kwa kuondokewa na baba. Anza na mdogo wako, na uanze leo, kwa kuwa katika barua yako nzima maneno yake ndiyo yenye hatari ya karibu. Mwanao na mama wanaweza kusubiri siku chache. Yeye asisubiri.

Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua ni ya kawaida. Huanza siku ya 2 au ya 3, homoni zinaposhuka kwa kasi, na hukoma yenyewe ndani ya wiki 2. Wiki ya 5 tumeshatoka huko. Mama anayelia kila siku, anayejiona hafai, anayekosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, na hali hiyo imepita wiki 2, ana dalili za sonona baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Huwapata zaidi ya mama 1 kati ya 10, na aliyefiwa akiwa mjamzito, kama yeye, yumo kwenye kundi lenye uwezekano mkubwa zaidi. Ni ugonjwa na una tiba. Ukimwambia ajikaze unamwongezea hatia: alikuwa anajiona mama asiyefaa, sasa anajiona pia mtu aliyeshindwa hata kujikaza.

Kaa naye mahali tulivu, mtoto akiwa kwa mtu mwingine, umuulize kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kufa au kujidhuru? Umewahi kujiwa na fikra za kumdhuru mtoto?" Watu wengi huogopa swali hili wakidhani litampandikizia wazo. Halimpandikizii, mwenye fikra hizo mara nyingi hupumua anapopata wa kumwambia. Sikiliza jibu kwa makini, kwa sababu yapo ya aina mbili. Mama mwenye wasiwasi mkali anaweza kujiwa na picha za kutisha, labda mtoto akimponyoka mikononi, na picha hizo humwogopesha yeye mwenyewe. Hiyo inahitaji tiba, lakini haimaanishi kwamba ana nia ya kumdhuru. Aina ya pili ni mama anayesikia sauti, anayeamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, anayekesha usiku kucha na bado haoni haja ya kulala, au anayezungumza maneno yasiyounganika. Hii huwapata mama 1 au 2 kati ya 1,000, mara nyingi katika wiki 2 za kwanza, na ni dharura. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na asiachwe peke yake wala peke yake na mtoto. Vivyo hivyo akikujibu kwamba anafikiria kufa: siku hiyohiyo aonwe na mhudumu wa afya.

Hata kama majibu yote ni "hapana", mpeleke kliniki wiki hii. Huenda wakatumia dodoso la Edinburgh, lililotungwa mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 30. Kliniki nyingi huchukulia alama 13 na zaidi kuwa dalili ya sonona, na alama 10 hadi 12 kuwa sababu ya kumfuatilia kwa karibu. Ombeni pia apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na hitilafu ya tezi hiyo baada ya kujifungua huleta uchovu na huzuni inayofanana sana na sonona. Akiandikiwa dawa, amwambie daktari kwamba ananyonyesha. Zipo zinazoweza kutumika bila kumwachisha mtoto ziwa. Na asiziache ghafla siku atakapojisikia nafuu.

Nyumbani, tiba ya kwanza ni usingizi wa mfululizo. Saa mbili mbili za kuibia hazitoshi. Anahitaji kipande kimoja cha saa 4 hadi 5 bila kuamshwa. Anyonyeshe saa 3 usiku, kisha alale. Mtu mwingine akae na mtoto chumba kingine mpaka saa 8 usiku, maziwa aliyokamua mama yakiwa tayari. Mtu huyo asiwe wewe kila siku. Baba wa mtoto, kama yupo, ana zamu hapa, naye aulizwe hali yake, maana akina baba nao hupata sonona baada ya mtoto kuzaliwa.

Kosa ambalo ndugu wenye upendo hufanya ni kumpokonya mama mtoto moja kwa moja "apumzike". Akikaa pembeni akiwatazama wengine wakimbembeleza mwanawe vizuri, ile imani yake kwamba mtoto anastahili mama mwingine inapata ushahidi. Mwachie jambo moja dogo la kila siku analoliweza, kama kumwogesha, nawe uwe karibu bila kumsahihisha. Akisema ameshamharibu mtoto kwa huzuni yake, mwambie ukweli huu: mwanasaikolojia Edward Tronick, aliyeanza miaka ya 1970 kuchunguza mama na watoto wachanga wakitazamana, aliona kwamba hata mama walio na afya njema hupishana na watoto wao mara kwa mara. Mama hatabasamu mtoto anapotabasamu, au hageuki anapoitwa. Kinachomjenga mtoto ni kwamba baada ya kupishana hurudiana. Kwa hiyo kurudiana mara chache kwa siku si kitu kidogo.

Sasa tazama nyumba kwa jumla. Umeniandikia matatizo manne. Nyuma ya yote manne naona kifo kimoja kinachoombolezwa kwa namna nne, kwa sababu kila umri una namna yake ya kuomboleza. Ndiyo maana neno moja ulilowapa wote halikumfaa yeyote. Mwanasosholojia James House, mwaka 1981, aligawa msaada tunaopeana katika mafungu manne: kuguswa na hisia za mtu, kumfanyia kazi kwa mikono, kumpa taarifa, na kumsaidia ajipime kwa haki. Mdogo wako kwa sasa anahitaji zaidi mikono. Binti yako anahitaji taarifa.

Kuhusu huyo binti, ulizia aliambiwa nini babu alipofariki. Katika nyumba nyingi mtoto wa umri huo huambiwa "babu amelala" au "babu amesafiri", na mtoto wa miaka 6 huchukua maneno kama yalivyo. Kama babu alilala asiamke, basi kulala ni hatari. Kama alisafiri, mbona haagi, na mama naye akisafiri? Kati ya miaka 5 na 7 watoto wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi na kwamba kila mtu siku moja atakufa, kwa hiyo hofu huweza kuibuka miezi mingi baada ya mazishi, watu wazima wakidhani alishasahau.

Mwambie mchana, wakati ametulia, si kitandani: "Babu hakulala. Babu alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi: moyo haupigi, hapumui, haoni njaa wala maumivu. Hawezi kurudi, na hilo linatuhuzunisha. Wewe ukilala, mwili wako unaendelea kufanya kazi, na asubuhi unaamka." Kama familia ina imani kuhusu maisha ya baadaye, iongeze baada ya hapo, isichukue nafasi ya maelezo ya mwili. Kisha jibu maswali matatu ambayo watoto huwa nayo hata wasipoyatamka: je, ni mimi niliyesababisha? Je, nami nitakufa, au wewe? Nani atanitunza? La mwisho lijibu kwa majina ya watu. Atasikiliza dakika mbili, kisha ataenda kucheza, na kesho atauliza tena. Hajapuuza, watoto huomboleza kwa vipande vifupi.

Usiku, kwa siku 3 kaa kando ya kitanda mpaka apitiwe na usingizi. Siku 3 zinazofuata hamia mlangoni. Kisha ondoka ukimwambia utarudi baada ya dakika 5, na urudi kweli, hata kama ameshalala. Ukikawia, hofu huweza kurudi. Akilemewa, rudi hatua moja nyuma. Kukojoa kitandani au kuongea kitoto kwa muda si jambo la kuadhibu. Mtafutie mnasihi wa watoto ikiwa wiki kadhaa zimepita na bado anakataa shule, ameacha kucheza, au anasema mara kwa mara kwamba anataka kumfuata babu.

Kijana wa miaka 15 ndiye mgumu kusoma. Kufoka na kujifungia kunaweza kuwa ujana wenyewe, na kunaweza kuwa sonona, ambayo katika rika hili mara nyingi huvaa sura ya hasira kuliko machozi. Tofauti utaiona kwa vitu alivyovipenda. Kijana anayekufungia mlango wewe lakini anacheka na rafiki zake kwenye simu, anakwenda mpirani, anakula vizuri, anajitenga na wazazi kama umri unavyomtaka. Aliyeacha mpira pia, aliyepoteza marafiki, ambaye alama zimeshuka, usingizi na chakula vimebadilika, na hayo yote yamedumu wiki 2 au zaidi, apelekwe kwa mtaalamu. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Tusiyaite utundu tu.

Kabla ya yote angalia usingizi wake. Anahitaji saa 8 hadi 10, na katika balehe saa ya mwili husogea mbele, akawa haoni usingizi mpaka usiku sana. Huo si uvivu. Simu ilale nje ya chumba, naye siku za mapumziko aachwe alale saa moja au mbili zaidi ya kawaida.

Usimwite sebuleni mkae uso kwa uso. Kwa kijana, kiti kinachotazamana na cha mzazi ni kiti cha mshitakiwa. Ongea naye mkifanya kazi bega kwa bega, kwa mfano mkiosha vyombo. Sema ulichokiona, si ulichokihukumu: "Tangu babu afariki hukai tena nasi jioni. Nakukosa mezani." Atajibu, "Niko sawa." Hapo ndipo wazazi wengi hupotea kwa kusema "hauko sawa wewe." Endelea kupangusa sahani. Hesabu kimoyomoyo mpaka 10. Kisha: "Sawa. Mimi mwenyewe kuna siku siko sawa. Jana nilitaka kumpigia babu simu, nikakumbuka." Nyamaza tena. Akitoa sentensi moja, tuseme "Kila mtu anamuuliza bibi tu," mrudishie kiini chake: "Kwa hiyo wewe hakuna aliyekuuliza." Usiongeze ushauri wala sifa za uvumilivu. Mlango ukifunguka kidogo, mzazi hutamani kupitisha mahubiri yote aliyoyaweka miezi minane, na mlango hufungwa. Dakika 10 zinatosha. Ondoka kabla hajachoka, ukimwachia swali moja la siku nyingine: "Ukitaka kuongea, ungependa nikusikilize tu au tutafute la kufanya?"

Vijana katika nyumba yenye msiba mara nyingi huwalinda watu wazima. Anakuona umechoka, mama yake mdogo analia, bibi anasahau, anaamua asiwe mzigo mwingine. Kwa hiyo mwambie wazi kwamba huzuni yake haitakuvunja.

Naye pia muulize moja kwa moja kama amewahi kufikiria kufa. Akisema ndiyo, usipige kelele wala usimsute. Muulize amefikiria kufanya nini, lini, kama ana kitu cha kufanyia, na nini kimemzuia mpaka leo. Mwenye mpango na kifaa asiachwe peke yake hata dakika moja. Aonwe siku hiyo. Dawa zote za nyumbani, sumu za wadudu na panya, na silaha yoyote vifungiwe au vitolewe nyumbani. Hatua hii huokoa maisha kwa sababu wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni fupi, na kifaa kikiwa mbali lina nafasi ya kupita. Usimwahidi siri katika jambo hili. Mwambie mapema: "Mengi nitayaweka moyoni, ila likihusu uhai wako nitatafuta msaada."

Mama ana miaka 72, ni mjane wa miezi minane, na anasahau. Usikimbilie kusema ni uzee. Kama alianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku, na hali inapanda na kushuka, anahitaji daktari haraka. Kwa wazee hiyo hutokana mara nyingi na maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya. Kama kusahau kumekuja katika wiki au miezi michache pamoja na huzuni, na yeye mwenyewe analalamika kwamba kichwa hakishiki tena, huenda ni sonona. Kama kumekuja polepole kwa mwaka au zaidi, wengine wanaona kuliko yeye, na anapotea njia anazozijua, huenda ni dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Wakati mwingine baba ndiye aliyekuwa akimkumbusha kila kitu, na kifo chake kimefunua tu kilichokuwepo. Kliniki waombeni wapime masikio, tezi ya shingo na vitamini B12, na mwende na dawa zake zote mkononi. Mengine katika hayo hurekebishika.

Huzuni yake yenyewe haina ratiba. Zile hatua tano maarufu alizozieleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 zilitokana na mazungumzo na watu waliokuwa wakifa, na si ngazi ambazo mfiwa lazima azipande kwa zamu. Maelezo yanayonisaidia zaidi ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999: mfiwa mzima wa afya huenda na kurudi, saa hii anamlilia marehemu, saa ijayo anashughulika na maisha yanayoendelea. Kinachotia shaka ni kukwama upande mmoja. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua majonzi yaliyopitiliza pale ambapo baada ya miezi 6 au zaidi mfiwa bado anamtamani marehemu kutwa kucha kiasi cha kushindwa kuishi, kupita kiwango ambacho jamii yake huona ni cha kawaida. Miezi minane ya kulia na kucheka haingii hapo.

Kwa mama, fanya mambo mawili. Muulize habari za baba kwa jina lake, angalau mara moja kwa wiki. Wajane wengi huumizwa na ukimya kuliko na kumbukumbu. Na mpe kazi. Nyumba ikimnyang'anya kila kitu "apumzike", anabaki na kiti na huzuni. Kila asubuhi, kwa muda wa saa moja, akae na huyo mjukuu mchanga, mtu mzima mwingine akiwa karibu mpaka mjue hali ya kumbukumbu yake. Mdogo wako naye ataoga na kula kwa utulivu. Akirudia swali, jibu kama ni mara ya kwanza, kwa sentensi fupi. Ikithibitika ni dimenshia na akauliza baba yuko wapi, usimpe habari ya kifo upya kila mara, maana kila mara ataipokea kama mpya. Sema, "Unamkumbuka leo, hebu nisimulie." Akiuliza waziwazi kama amekufa, mwambie ukweli kwa upole.

Na wewe? Barua yako ina huzuni ya watu wanne, na ya kwako haimo. Umefiwa na baba. Tenga muda wa kuomboleza ambao hakuna anayekuhitaji, saa 2 mara mbili kwa wiki, na uuandike kwenye ratiba ya nyumba kama zamu nyingine yoyote. Fedha za kaka hazitoshi, ila usimwambie "nisaidie", kwa kuwa neno hilo halina mahali pa kushika. Mpigie umwambie: "Jumanne na Ijumaa saa 1 jioni mpigie mama, dakika 20, mzungumze habari za baba. Jumapili mpigie mpwa wako wa miaka 15, usimuulize masomo. Na mwezi huu njoo siku 4, ukeshe na mtoto ili mimi nilale." Akikataa moja, muulize lipi analiweza badala yake, mkubaliane siku.

Ukiona wiki 2 zimepita nawe hulali, hufurahii chochote, unawafokea wote au unatamani usiamke, maswali yaleyale niliyokupa umuulize mdogo wako yanakuhusu. Siku mtakayokwenda kliniki na mdogo wako, jiandikishe na wewe.